Ameyeyuka

Samaki niliyemkuta mwezi uliopita chini kabisa ya friza ya bibi tulishamla nilipokuwa darasa la tatu. Nilikuwepo. Nilimchambua miiba kwa vidole vyangu mwenyewe, na nikamwona paka akiondoka na kichwa cha samaki juu ya mawe nyuma ya nyumba. Hata hivyo alikuwa pale, sato wa kujaza sinia, mgumu kama tofali, ndani ya mfuko uliofungwa mdomo kwa uzi wa nyavu wa kijani. Fundo lilikuwa lilelile.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikiendelea hivi utadhani nakutania.

Bibi amehamia Kiseke kwa shangazi. Miguu yake imekataa ngazi za mawe za Mabatini, zile ambazo sisi tulikuwa tukizishuka mbio na ndoo kichwani. Nyumba inapangishwa. Mimi nilikuwa Mwanza kwa likizo fupi, nikapewa kazi ya kuisafisha friza ili ibebwe na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenda Kiseke, kwa sababu bibi alikubali kuacha kitanda, kabati na meza, lakini friza alisema inakwenda naye. Friza haibebwi na barafu ndani. Unazima umeme, unafungua mfuniko, unatandika khanga kuukuu sakafuni, unaweka mabeseni, halafu unasubiri. Ukiichokonoa kwa kisu unatoboa bomba. Kazi yenyewe ni kukaa na kutazama.

Nikakaa. Barafu ya pembeni, nene kama godoro la mtoto, ikaanza kutoa jasho. Kilichotangulia kujitokeza kilikuwa kifuko cha ukwaju kilichosahauliwa, kisha mihogo iliyomenywa. Mkia wa samaki ulikuja mwisho.

Sasa nikupeleke nyumbani kwetu kulivyokuwa.

Bibi alikuwa muuza barafu. Kama uliishi mitaa ile utakumbuka vibao vya kadibodi milangoni, “Barafu ipo”, vimeandikwa kwa mkaa. Chetu niliandika mimi na nikakosea, nikaandika “Balafu ipo”, na bibi, ambaye Kisukuma chake kilimfanya atamke hivyohivyo, hakuona kosa lolote. Kikabaki. Wateja walikuwa wa aina mbili. Watoto wa shule walitaka vifuko vya ukwaju na ubuyu, wanang'ata kona na kunyonya mpaka midomo inakufa ganzi. Wachuuzi wa samaki wa baiskeli walitaka mabonge yaliyogandishwa kwenye makopo, ya kuweka juu ya samaki wao waliowatoa mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kabla jua halijachachamaa.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kujaza vifuko. Mdomo wa chupa ya plastiki iliyokatwa ndio ulikuwa mpare wetu wa kumiminia. Unamimina, unakung'uta, unafunga. Mikono ilinata sukari mpaka viwiko. Nyuma yangu friza ilinguruma siku nzima, mngurumo ambao hukuusikia mpaka unyamaze. Ikinyamaza, bibi aliinua kichwa popote alipokuwa, hata kama yuko katikati ya maneno, akatazama taa. Umeme ukirudi mtaa mzima ulipiga kelele kama timu yetu imefunga bao, na bibi naye akasema polepole, “Haya, mama, tuendelee.”

Pamoja nasi aliishi baba mdogo, mdogo wa mwisho wa baba yangu. Alikuwa fundi wa nyavu. Alikaa mwaloni siku nzima akishona palipochanika, na alirudi nyumbani na nyuzi za kijani zimening'inia mfukoni. Kila kitu nyumbani kwetu kilifungwa kwa uzi ule: mlango wa banda la kuku, mpini wa sufuria, begi langu la shule. Fundo lake hakuna aliyeweza kulifungua. Ukivuta huku linakaza, ukivuta kule linakaza zaidi. Alitucheka. Alisema samaki angekuwa na akili kama yetu tusingekuwa na haja ya nyavu.

Siku moja jioni alileta sato mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, ndani ya mfuko wa nailoni, amefunga mdomo wa mfuko kwa uzi. Akamwambia bibi, “Niwekee, mama.” Bibi akamweka chini kabisa ya friza, mabonge juu yake. Kesho yake baba mdogo hakurudi kutoka kazini. Kesho kutwa pia hakurudi. Mwaloni walisema hawajamwona, na kwamba kazi ya nyavu ilikuwa imepungua, labda amekwenda kutafuta mahali.

Sasa inabidi nikujulishe mtu mwingine mmoja tu. Nyumba ya pili kutoka kwetu, pale ngazi zinapokutana na barabara, palikuwa na duka la mama mmoja ambaye watu wa ukoo wake walikuwa wafanyabiashara Mwanza tangu enzi za babu zao. Nyumbani kwao walisema Kigujarati. Nyumbani kwetu tulisema Kisukuma. Yeye na bibi walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiwa amekivaa kama nguo ya kutokea. Walikuwa marafiki wa kweli, wa kukopeshana chumvi na kusemana. Yeye alimwita bibi “mama” kwa sababu ya umri, na bibi alimwita Mama wa Dukani. Alikuwa na vijana wawili waliokwenda Dar na kurudi, na kila waliporudi walileta maneno mapya, naye aliyaokota yote na kuyatumia kwa furaha, mara nyingi kabla mtaa haujayazoea.

Siku chache baada ya baba mdogo kutoonekana, bibi alinishika mkono tukaenda kununua sukari. Mama wa Dukani alipima, akafunga, akaegemea kaunta akiwa na tabasamu la mtu mwenye habari.

“Mama,” akasema, “kijana wako ameyeyuka.”

Bibi aliiacha sukari pale juu ya kaunta, akanivuta, tukapanda ngazi. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa baridi, ingawa mikono ya bibi ilikuwa baridi siku zote kwa ajili ya kazi.

Nataka tulitazame neno hilo kwa makini, kwa sababu ndilo lililosababisha yote. Barafu tunasema imeyeyuka. Samaki, hata akiwa maiti kwenye friza, lugha yetu inamheshimu kama mtu, tunasema ameyeyuka. Katika maisha ya bibi neno “ameyeyuka” lilikuwa la samaki tu. Wachuuzi walikuja mbio wakisema, “Mama, ongeza bonge, wameyeyuka,” na uso wa mtu aliyesema hivyo ulikuwa wa mtu aliyepata hasara. Samaki aliyeyeyuka juani kwetu ni samaki aliyekwisha, hata nzi wanajua. Kwa hiyo bibi pale dukani alisikia mtu anamtangazia msiba wa mwanawe huku anatabasamu.

Mimi nilikuwa na umri wa kusikia neno kama lilivyo. Nilielewa kwamba baba mdogo amekuwa maji.

Kuanzia hapo nyumba zile mbili ziliganda. Mama wa Dukani aliamkia, “Shikamoo, mama,” na bibi akapita kama aliyesikia upepo. Mimi nikawa natumwa sukari na mafuta ya taa duka la mbali, kule kwenye lami, jua linanichoma utosi. Mara moja Mama wa Dukani aliniita akanipa pipi, akaniuliza amemkosea nini bibi yangu. Nilirudi na pipi nyumbani na bibi akanirudisha nazo. Hakunieleza. Kwa nini angenieleza? Msiba ambao hujauthibitisha huutangazi, na mwanamke aliyekucheka humpelekei maelezo. Yeye aliendelea na kazi yake, ila kila asubuhi alisogeza mabonge pembeni, akaingiza mkono mpaka chini, akambonyeza yule sato tumboni kwa kidole kimoja. Akimkuta mgumu, alifunga mfuniko na siku ikaanza.

Sikuhitaji kuambiwa. Madhali yule samaki alikuwa hajayeyuka, baba mdogo naye alikuwa hajayeyuka.

Shuleni mwalimu wa sayansi alileta bonge la barafu, tena nina hakika alilinunua kwetu, akaliweka kwenye sahani dirishani. Likawa maji. Akasema maji hayo ukiyarudisha kwenye baridi yatakuwa barafu tena, hakuna kilichopotea. Niliinua mkono nikauliza kama ni lazima yawe kwenye chombo kilekile. Mwalimu akasema swali zuri, akaendelea na somo. Jumamosi nilifuatana na wachuuzi mpaka mwaloni, nikasimama juu ya jiwe na kulitazama ziwa kwa muda mrefu sana, nikijaribu kufikiri ni sehemu gani ya maji yale ingekuwa baba mdogo, na chombo cha kumkusanyia kingekuwa kikubwa kiasi gani. Sikuwa na huzuni, nakuambia ukweli. Nilikuwa na hesabu kichwani.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Unaikumbuka miezi ile. Mwanzoni umeme ulikatika mchana na kurudi jioni, baadaye ukawa unarudi kama mgeni anayechungulia na kuondoka. Biashara ya barafu ikafa. Bibi akapiga marufuku kufungua friza. Aliifunika magunia, juu ya magunia blanketi, akazungushia viroba vya pumba za mpunga alivyoomba mashineni, mpaka friza ikaonekana kama mgonjwa wa malaria. Chini yake pana kitundu cha kutolea maji. Bibi aliweka kopo hapo. Kwa siku nzima kopo lilikaa kavu. Siku iliyofuata, tukiwa tunachagua mchele, tukasikia tone.

Tulitazamana. Likaanguka lingine.

Nyumba ya pili kutoka kwetu jenereta ya duka ilikuwa inanguruma. Ilipoza soda na maziwa, na waya mmoja tu ungetosha kufika kwetu. Bibi aliisikia vizuri kama nilivyoisikia mimi. Nilimwambia niende nikaombe. Akasema heri samaki aoze kuliko kuomba kwa mtu aliyemcheka.

Nikaenda, lakini sikwenda kuomba umeme. Nilikwenda kuuliza. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyeleta habari, kwa hiyo ndiye anayejua. Nikasimama mbele ya kaunta, nikamwamkia, nikauliza: mtu akiyeyuka, maji yake yanakwenda wapi?

Mama wa Dukani aliniuliza ni nani ameyeyuka. Nikamwambia baba mdogo. Akaniuliza nani amesema. Nikamwambia, “Wewe.”

Alianza kucheka. Kisha kicheko kikamkatikia katikati, akashika kinywa, akaniacha na duka wazi, akapanda ngazi zetu bila viatu.

Bibi alikuwa amekaa karibu na kopo. Mama wa Dukani alisimama mlangoni akitweta.

“Shikamoo, mama.”

Bibi alilitazama kopo. Matone yalikuwa yameanza kukimbizana.

“Mama, vijana wangu wanasema hivyo. Mtu akiondoka bila kuaga, wanasema ameyeyuka. Kaondoka tu. Kapanda gari. Nimemwona kwa macho yangu, mzima, ana begi, ananunua biskuti kwangu.”

“Mimi nikisema ameyeyuka,” bibi akasema, “nasema samaki.”

“Najua sasa.”

“Na samaki akiyeyuka kazi imekwisha.”

“Najua, mama. Nimekosa Kiswahili.”

Bibi akamtazama miguu, ile miguu isiyo na viatu, yenye vumbi la ngazi zetu. “Marahaba,” akasema. “Kiswahili chenyewe hata si cha kwenu.”

“Wala cha kwenu,” akajibu yule mwingine, na hapo ndipo nilipomwona bibi akicheka kwa mara ya kwanza tangu masika.

Lakini habari haikuwa imekwisha, na hii ndiyo sehemu ambayo hata leo nikiifikiria najikuta nimeacha ninachofanya. Siku ile dukani Mama wa Dukani alikuwa ameanza tu. Lile neno lilikuwa utangulizi. Alikuwa na salamu. Asubuhi aliyoondoka, baba mdogo aliposimama kwenye kaunta na begi lake, akiitazama nyumba yetu kule juu, Mama wa Dukani alimwuliza kwa nini haendi kumuaga mama yake. Akajibu kwamba akimuaga hataondoka. Kisha akasema: mwambie mama yule samaki wamle tu, nitaleta mwingine.

Miezi yote ile salamu ilikaa dukani, nyumba ya pili kutoka kwetu, na sisi tukimlinda kwa magunia samaki ambaye mwenyewe alikwisha kuturuhusu kumla.

Vijana wa dukani walileta waya, lakini bibi alipofunua blanketi na kuingiza mkono, kidole kilizama. Samaki alikuwa amelegea. Mama wa Dukani akasema wamrudishe kwenye baridi haraka. Bibi akakataa. Ukimgandisha mara ya pili, akasema, nyama inakuwa uji, na huwezi tena kusema una samaki. Alijaribu kufungua fundo, mimi nikajaribu, Mama wa Dukani akajaribu kwa kucha zake ndefu. Mwisho bibi akachukua kisu akaukata uzi.

Tulimla mchana uleule, na nyanya nyingi na ndimu. Alikuwa bado mtamu. Kwa Mama wa Dukani hawali samaki wala nyama, hata harufu yake walikuwa wanaifungia madirisha, lakini siku ile alikaa nasi mkekani kwenye moshi mpaka mwisho, akila ugali kwa mchicha na achari ya embe aliyoileta kwake. Bibi alimrudisha kwenye maneno ya baba mdogo zaidi ya mara tatu, akimtaka ayaseme tena, na aseme begi lilikuwa la rangi gani, na biskuti za aina gani. Kichwa cha samaki bibi alikiweka pembeni kwenye bakuli, akakifunika. Hakusema cha nani. Tulipotoka kunawa paka alikuwa amekwisha kukiona.

Baada ya hapo watu walisema mengi. Mmoja alimwona baba mdogo ng'ambo, kwenye machimbo. Mwingine alisikia yuko Kalemie, huko Kongo, na ana watoto. Sikuwahi kumwona tena, na hakuna mtu wa familia aliyewahi kuniambia amemwona. Bibi aliendelea kuuza barafu mpaka kila duka likawa na friji lake la kioo na hakuna aliyehitaji kusoma kibao chetu. Wachuuzi wa baiskeli siku hizi wana pikipiki na maboksi yenye povu. Kelele ya mtaa mzima kushangilia umeme sijaisikia miaka mingi. Nyaya zimetulia, na hata ukikatika kila mtu anatazama simu yake kimya kimya. Na lile neno limeshinda. Leo kila kitu kinayeyuka: fundi aliyechukua malipo ya awali, mchumba, bando. Bibi mwenyewe nimemsikia akilitumia, kwa daktari aliyechelewa kliniki.

Sasa turudi kwenye ule mkia, na samaki wake niliyekuwa nimemtoa na kumweka kwenye beseni.

Nilimtazama samaki yule kwa utaratibu. Mfuko haukuwa wa nailoni. Ulikuwa mfuko mbadala, ule wa kama kitambaa tulioanza kuutumia baada ya nailoni kupigwa marufuku, kwa hiyo samaki huyu si wa zamani za utoto wangu hata kidogo. Uzi ulikuwa wa kijani kibichi, haujafifia. Fundo nilivuta huku likakaza, nikavuta kule likakaza zaidi. Bibi hawezi kuwa amelifunga. Vidole vyake vimekakamaa miaka mingi, hata khanga anafungiwa na shangazi. Shangazi nilimpigia simu, akasema hajawahi kununua sato wa kuweka huko.

Nikashuka dukani. Mama wa Dukani bado yupo, amezeeka, anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kijana anayeuza vocha. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani.

“Muulize bibi yako,” akasema. “Mimi sisemi neno. Mara ya mwisho nilisema moja tu, nikanuniwa mpaka mgao ukaja.”

“Lakini umemwona mtu?”

“Ukinunua kitu nunua, ukimaliza nenda.” Akanipa pipi.

Nilipanda ngazi, nikapiga simu Kiseke. Shangazi alimshikia bibi simu sikioni. Nilisikia televisheni, na kuku. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia friza inakwenda vizuri, barafu ya pembeni yote imeondoka, na kwamba chini nimemkuta samaki.

Televisheni ikapunguzwa sauti.

“Ameyeyuka?” bibi akauliza.

Nilibaki nimeshika simu, kwa sababu lugha hii haikunipa namna ya kujua anamuuliza yupi. Niliinama juu ya beseni nikambonyeza tumboni kwa kidole kimoja. Juu alikuwa ameanza kulainika. Ndani bado palikuwa pagumu.

“Bado,” nikamwambia.

“Basi mlete hivyohivyo. Na usikate uzi.”

Nilimzungushia khanga zote zilizokuwepo, na blanketi, na kirikuu kikaenda mbio kuliko nilivyopenda. Yuko Kiseke sasa, chini kabisa ndani ya friza ileile. Asubuhi shangazi anamsaidia bibi kusimama, mfuniko unafunguliwa, mkono unaingia mpaka chini. Uzi haujakatwa, na bibi hajasema ni nani aliyeufunga.